Maswali ya Wasomaji: Kikhmer, Vitendo Vinafuatanaje?

Toleo hili barua nyingi zimetoka kwa watu wanaojifunza Kikhmer, lugha ya Kambodia, na karibu wote wamekwama pale pale: nataka kusema nimefanya hiki, alafu hiki, alafu kile, inatokaje? Nimechagua hizi hapa. Maneno ya Kikhmer nimeyaandika kwa herufi zetu, yasome tu kama unavosoma Kiswahili, ila "eu" ni sauti iko katikati ya e na u na midomo usiiviringe, "ng" ya mwisho wa neno ni ile ya ng'ombe, na "ny" ya mwisho wa neno ni ile ya nyama imekatwa irabu.

*Mwalimu habari za kazi. Dada yangu anafundisha Kiingereza huko Phnom Penh na mimi Mungu akipenda namfuata mwaka ujao, sasa nimeanza kusoma Kikhmer kwa simu na kuna mama mmoja wa kule ananisaidia kwa voisi. Kila nikimuelezea siku yangu ilivokuwa anarudia sentensi yangu ikiwa fupi, yani ametoa karibu nusu ya maneno. Mimi nasema "knyom tou psaa haey knyom teny trei haey knyom yok trei mok pteah", yeye anarudisha bila haey ata moja. Kwani haey si ndo "na"? Nakosea wapi?*
Msomaji, Walukuba, Jinja

Dada yangu, huyo mama mshike sana, maana watu wengi wakikusikia wamekuelewa basi wanakuacha hivo hivo, yeye anakurudishia sentensi ikiwa imenyooka. Alichokuwa anasema ni hiki:

*Knyom tou psaa teny trei yok mok pteah.*

Neno kwa neno ni: mimi, enda, soko, nunua, samaki, chukua, kuja, nyumba. Basi. Imeisha. Kwa Kiswahili tungesema nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikamleta nyumbani.

Angalia lugha zetu zinavofanya kazi. Kiswahili kina ile -ka-, nikaenda, nikanunua, nikarudi, kila kitendo kinabeba alama yake ya kufuata chenzake, na aliyefanya anatajwa tena na tena ndani ya kitenzi. Luganda ni hivo hivo, "nagenda mu katale ne ngula ebyennyanja ne nkomawo", hiyo *ne* huwezi kuiruka, ukiiruka mtu anaona umekatika katikati. Kwa hiyo sisi tumekua na masikio yanayosubiri kiungo kabla ya kila kitendo, na tukiingia Kikhmer tunatafuta -ka- yao iko wapi, tunaona haey, tunaikamata, tunaipachika kila mahali.

Kikhmer hakina -ka- na wala hakiihitaji. Kitenzi chao hakibadiliki kabisa, hakina nili- wala nita-, hakina a- wala wa-, *tou* ni tou awe anaenda nani na lini. Kinachofanya kazi ni mpangilio. Kitendo kilichotokea kwanza kinasemwa kwanza, cha pili kinafuata, cha tatu kinafuata, kama jerikeni kwenye foleni ya maji pale kisimani, hakuna anayeuliza ipi inafuata ipi sababu mahali ilipokaa ndo jibu. Mtendaji unamtaja mara moja mwanzoni, akiwa ni yule yule usimrudie. Wakati nao unautaja mara moja mwanzoni, *msel-meny* ni jana, ukisema "msel-meny knyom tou psaa teny trei yok mok pteah" mnyororo wote umeshakuwa wa jana.

Sasa haey inakaa wapi? Inakaa pale jambo moja limeisha na unaanza jambo lingine. Kwenda sokoni, kununua na kuleta nyumbani ni shughuli moja, ukiikata kwa haey mara mbili Mkhmer anasikia kama unamhesabia shughuli tatu tofauti, ndo maana anakurudishia bila hizo haey. Lakini ukitaka kuongeza kwamba jioni ulisoma, hapo weka: *msel-meny knyom tou psaa teny trei yok mok slo somlo, haey lngiech knyom rien Kmae*, jana nilienda sokoni nikanunua samaki nikaja nikampika mchuzi, na jioni nikasoma Kikhmer. Unaona hiyo haey inavopumua mahali pake. Shughuli ya jikoni imefungwa, shughuli ya kitabu imefunguliwa.

Alafu kuna haey ya pili na hii ndo inachanganya watu. Ikikaa mwisho wa sentensi inasema kitu kimeshafanyika. Salamu ya kila siku kule ni *nyam baay haey ru nou?*, umeshakula au bado, na unajibu *nyam haey*, nimeshakula. Sasa fikiria mtu anasema "knyom nyam baay haey knyom tou" bila kupumua. Ni "nimeshakula, naenda", au ni "nakula na naenda"? Kinachoamua ni pale unapovuta pumzi. Ukipumzika kabla ya haey ni ile ya kuunga, ukipumzika baada yake ni ile ya kumaliza. Fanya mazoezi ya hiyo pumzi na huyo mama, mwambie akusomee zote mbili, itakusaidia kuliko kukariri orodha ya viunganishi.

Na vitu viwili vya majina, samaki na nyama, mimi na wewe, hivo vinaungwa na *nung*, au kwa mazungumzo *haey nung*. Trei nung sach, samaki na nyama. Nung usiivushe kwenda kuunga sentensi na sentensi, hiyo kazi muachie haey. Sisi "na" yetu inafanya zote mbili ndo maana tunateleza.

*Mwalimu, nasoma hapa Makerere na nina rafiki wa Siem Reap tunachati. Yeye kwenye kuelezea anatumia ruoch, mara bontoap mok, mara kraoy mok, nikitafsiri zote zinanipa "halafu". Nitumie ipi?*
Msomaji, Wandegeya, Kampala

Zote tatu ni halafu lakini hazibebi uzito sawa.

*Ruoch* asili yake ni kumaliza, kumalizana na kitu. *Tveu ruoch haey*, kimeshafanyika, kimekamilika. Ndo maana ukiiweka kati ya vitendo viwili inasema cha kwanza kiliisha kabisa kabla cha pili hakijaanza: *knyom nyam baay ruoch tou tveu kaa*, nikishamaliza kula naenda kazini. Kwenye mazungumzo ya watu wa kawaida hii ndo utaisikia zaidi, na mara nyingi inakuja na wenzake, *ruoch haey*, *ruoch ko*, mtu anasimulia umbea anaweza kuanza kila sentensi na ruoch haey na hakuna anayeshangaa.

*Bontoap mok* ni baadae inayofuata, ile ya maelekezo na ya taarifa. Ukisoma mapishi, ukisikiliza habari, mtu anatoa hotuba, utaikuta: *dombong*, kwanza, fanya hivi, *bontoap mok* fanya hivi, *chong kraoy*, mwisho kabisa, fanya vile. Kwenye chati na rafiki ukiitumia kila mstari utasikika kama unasoma risala. *Kraoy mok* ina nafasi ndani yake, kuna muda umepita, siku, miezi, ata miaka. Alisoma Siem Reap, kraoy mok akahamia Phnom Penh. Huwezi kuitumia kwa kunawa na kula.

Ongezea na *chop*. Hii ni kufika mwisho wa kitu chenye mwisho wake, masomo, filamu, hadithi. *Rien chop*, nimemaliza masomo. Ukimwambia huyo rafiki umemaliza chuo tumia chop, ukimwambia umemaliza kuosha vyombo tumia ruoch.

Na ruoch ikifuata neno la kukanusha inageuka kuwa kuweza: *leuk min ruoch*, ni zito siwezi kulinyanyua, yani nainua lakini kuinua hakumaliziki. Ukiikuta usifikiri anasema halafu.

*Mwalimu, mimi ni mtawa, wakubwa wangu wamenitaarifu nitatumwa Battambang kufanya kazi na watoto. Nataka kujua namna ya kuwaambia watoto fanya hiki kwanza ndipo ufanye kile. Na pia nataka kusimulia hadithi, maana watoto ni hadithi.*
Sista, Gulu

Sista, hongera kwa utume. Battambang ni nchi ya mpunga, utaona mashamba mpaka macho yachoke, na wale watoto watakuwa wanajua mchele kuliko wanavojua kitu kingine.

Kwa watoto neno lako la kwanza ni *sen*. Linakaa mwisho wa agizo na maana yake ni "kwanza", ile kwanza ya kumwambia mtu maliza hili kwanza. *Lieng day sen*, nawa mikono kwanza. *Cham sen*, ngoja kwanza. Ni neno laini, halina ukali, mama anamwambia mtoto, mtoto anamwambia mama, na utalisikia kutwa nzima.

Neno la pili ni *teup*, na hapa Kiswahili kinakubeba vizuri sababu tuna *ndipo*. *Lieng day ruoch teup nyam baay*, ukishanawa mikono ndipo ule. Teup inafunga mlango, inasema cha pili hakitokei mpaka cha kwanza kitokee, na haey haiwezi kufanya kazi hiyo. Ukisema "lieng day haey nyam baay" mtoto anasikia vitu viwili vya kufanya, ukisema teup anasikia sharti. Mimi nikiambiwa nimfundishe mtu neno moja tu la kupanga vitendo kwa Kikhmer ningemfundisha hili. Na teup ikifuatwa na nung inakuwa ile "ndo kwanza" yetu: *knyom teup nung mok dol*, ndo kwanza nimefika. Hiyo utaitumia sana wiki ya kwanza.

Ukitaka kugeuza, kusema kabla ya, ni *mun nung*: *mun nung nyam baay, lieng day*, kabla ya kula nawa mikono. Inaruhusiwa pia kusema *lieng day mun nung nyam baay*. Lakini angalia, hapa ni mojawapo ya mahali ambapo mpangilio wa maneno unaweza kwenda kinyume na mpangilio wa matukio, na kwa sababu hiyo watoto wadogo na watu wanaoanza lugha wanachanganyikiwa. Mwaka wako wa kwanza nakushauri baki na teup, inaenda sambamba na mambo yanavotokea. *Bontoap pi*, baada ya, nayo ipo na haina shida hiyo ukiianza nayo mbele.

Hadithi sasa. Kikhmer cha kusimulia kina kijineno *ko*, kidogo lakini kinafanya kazi kubwa, na kinakaa kati ya mtendaji na kitendo, sio mbele ya mtendaji. *Pliang tleak, yeung ko chool pteah*, mvua ikanyesha, basi sisi tukaingia ndani. Yeung ni sisi, alafu ko, alafu chool, ingia. Watu wanaoanza wanasema "ko yeung chool" sababu kichwani wanatafsiri "basi sisi", na hapo inaharibika. Hii ko inaonyesha kitendo cha pili kimezaliwa na cha kwanza, mvua ndo iliyotuingiza. Ukitaka kushtua watoto una *srap tae*, ghafla, mara! Kila kitu kinaenda taratibu, watu wanatembea, wanaongea, srap tae simba huyo. Pandisha sauti kidogo hapo, itafanya kazi Battambang kama inavofanya Gulu.

Jambo lingine Sista, na hili ni la heshima. Mnyororo wa vitendo haubadiliki lakini wakati mwingine unachagua kitenzi kingine kutokana na nani anatenda. Wewe na watoto mnakula *nyam*, au *hop*, hiyo nayo ni ya kawaida. Mgeni au mzee unamkaribisha kwa *onycheuny pisaa baay*, karibu chakula. Mtawa wa Kibudha anakula *chan*, na mfalme ana neno lake *saoy*. Ukisimulia kwamba mtawa wa pagoda alikuja, akakaa, akala, maneno mawili ya mwanzo yanaweza kuteleza lakini la kula lisiteleze. Kuna pia *si*, hilo ni la wanyama, ukilisikia mtaani watu wanalitumia kwa masihara na rafiki zao we liache kabisa mpaka uwe mwenyeji.

*Ssebo, mimi naitwa mkulima tu, nalima mpunga Butaleja. Kijana wangu ananiambia Wakambodia nao ni watu wa mpunga. Wanasemaje mlolongo wote, kuanzia shamba mpaka sahani?*
Msomaji, Butaleja

Mzee wangu, swali lako nimelipenda. Sisi Waswahili tuna mpunga, mchele na wali, na wao wana tatu hizo hizo: *srou* ni mpunga, *ongko* ni mchele, *baay* ni wali. Kwa hiyo kila hatua ya mlolongo ina jina lake na huwezi kuchanganya, kama vile wewe huwezi kusema unapalilia wali.

Shambani ni *tveu srae*, kufanya shamba la mpunga, alafu *chrot srou*, kuvuna. Jikoni inaendelea hivi: *lieng ongko, dam baay, chien trei, ruoch hau kon mok nyam*. Osha mchele, pika wali, kaanga samaki, ukimaliza ita watoto waje wale. Ona kuosha ni ongko lakini kupika ni baay, maana kinachopikwa kinaitwa kwa jina la kile kitakachotoka. Na kila aina ya upishi ina kitenzi chake, dam ni ya wali, chien ni ya kukaanga, slo ni ya mchuzi.

Hapo mwisho, *hau kon mok nyam*, pana kitu kizuri. Hau ni kuita, kon ni mtoto, mok ni kuja, nyam ni kula. Anayeita ni wewe lakini anayekuja na kula ni mtoto, na hakuna neno lolote limeingia katikati kusema sasa mtendaji amebadilika. Mtoto aliyekuwa anaitwa ndo huyo huyo anageuka mtendaji wa maneno yanayofuata. Ukitaka kumtuma mtu ni hivo hivo, tumia *aoy*, ambayo asili yake ni kupa: *knyom aoy kon tou teny trei*, namtuma mtoto akanunue samaki. Ile a- na -ka- ya "akanunue" yote imemezwa na mpangilio.

*Mwalimu, kazi yangu ya zamani ilikuwa ya kutegua mabomu ya ardhini huku kaskazini na sa hivi nafuatilia wenzetu wa Kambodia. Kwenye video nasikia "rok keuny" na "rok min keuny". Rok si kutafuta? Keuny si kuona? Mbona vinaunganishwa na mbona "min" inaingia katikati na sio mwanzo?*
Msomaji, Kitgum

Ndugu yangu, asante kwa kazi uliyofanya. Uganda ilitangaza kumaliza kusafisha mabomu yake mwaka 2012, Kambodia bado wanaendelea, na unajua kwamba tangu 2016 kuna panya waliofunzwa Morogoro Tanzania wanafanya kazi hiyo Siem Reap, mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Kwa hiyo lugha hii ya kutafuta na kuona iko karibu na sisi kuliko watu wanavodhani.

Rok ni kutafuta, hujui utapata au hutapata. Keuny ni kuona, kutambua. Kikhmer kinagawa tendo na tokeo lake, kwanza unasema jitihada alafu unasema zilifika wapi. *Rok keuny* ni nilitafuta na nikaona, yani nimepata. *Meul keuny* ni kuangalia mpaka ukaona. *Sdap lu* ni kusikiliza mpaka ukasikia. *Dek luok* ni kulala mpaka usingizi ukakuchukua, sababu *dek* peke yake unaweza kuwa umejilaza tu macho makavu.

Sasa ukikanusha, unachokanusha ni tokeo, jitihada ulifanya. Ndo maana min inakaa mbele ya keuny: *rok min keuny*, nimetafuta sijaona. *Rok kon-sao min keuny*, nimetafuta ufunguo sijauona. *Dek min luok*, nimelala lakini usingizi haukuja, hilo wazee wanalijua. Ukiweka min mwanzoni, *min rok*, unasema hukutafuta kabisa, na kwa kazi kama yako tofauti ya hizo mbili ni kubwa mno, mmoja amepekua eneo hakukuta kitu na mwingine hajapekua.

Kwa mnyororo mrefu wa kawaida fikiria hivo hivo. *Knyom min tou psaa teny trei te*, hiyo inakanusha safari nzima, sikwenda sokoni kununua samaki. Ukitaka kusema ulienda ila hukununua, vunja mnyororo: *knyom tou psaa, pontae min baan teny trei te*, nilienda sokoni lakini sikununua samaki. Usijaribu kubana vyote kwenye mstari mmoja. Hiyo *te* ya mwisho ndo inafunga ukanushaji, kwenye mazungumzo ya kawaida utasikia pia *ot ... te* mahali pa *min ... te*.

*Nauliza fupi tu. Kwanini wanamaliza sentensi na tou au mok wakati hakuna mtu anaenda popote?*
Msomaji, Kisenyi, Kampala

Sababu kitendo kina upande. Mok kinakuja kwa anayeongea, tou kinatoka kwake. *Yok mok* ni lete, *yok tou* ni peleka, kitenzi cha kuchukua ni kile kile. *Turosap mok knyom* ni nipigie simu, simu ndo inakuja. Ukiwa Kampala na rafiki yako Phnom Penh mkisimuliana jambo moja, yeye anaweza kusema mok pale wewe unasema tou, na wote mko sawa. Kuna pia *laeng* juu na *choh* chini, *chool* ndani na *cheny* nje, zote zinaning'inia nyuma ya kitendo kikuu na kusema kilielekea wapi. Ukifika kwa mtu atakuambia *chool mok ongkuy leng*, ingia, kuja, kaa, cheza, vitendo vinne vimepangwa na hakuna kiungo, na maana yake ni karibu ndani tukae tupige stori. Leng hiyo ya mwisho ni ya kufanya kitu bila haraka wala faida, *dae leng* ni kutembeatembea tu.

*Na vitendo viwili kwa pamoja? Mfano kula huku unaangalia tivii.*
Msomaji, Mbale

*Nyam baay pong, meul tivii pong.* Pong nyuma ya kila kimoja. *Dae pong niyeay pong*, anatembea huku anaongea. Pong ikikosekana kwenye kimoja ile maana ya kwa pamoja inalegea, kwa hiyo usiibanie.

*Mwalimu, nimeanza kusoma maandishi yao na sioni nafasi kati ya maneno. Nitajuaje kitendo kimoja kinaishia wapi?*
Msomaji, Arua

Maandishi yao ni ya zamani sana, jiwe la Kikhmer lenye tarehe ya zamani kuliko yote lilipatikana Angkor Borei na ni la mwaka 611, na mpaka leo maneno yanaandikwa yameshikana. Lakini nafasi zipo, ziko chache, na zimekaa mahali pazuri kwako: zinawekwa pale sentensi ndogo inapoishia, pale ambapo sisi tungeweka mkato. Kwa hiyo mnyororo kama ule wa kwenda sokoni wote unaandikwa kipande kimoja, ukiona nafasi ujue jambo limekatika. Jifunze kwanza sura ya ហើយ (haey), រួច (ruoch) na ទើប (teup), uzitambue kwa jicho bila kuzisoma herufi kwa herufi. Haey ikiwa na nafasi kabla yake ni ile ya kuunga. Haey ikiwa imegusana na neno lililo kabla yake na baada yake kuna nafasi au ile alama yao ya nukta ។ ni ile ya nimeshamaliza. Ile pumzi nilomwambia dada wa Jinja ndo hiyo hiyo imeandikwa.

Ukiwasikiliza wa Phnom Penh wakiongea kwa kasi, r yao inapotea, trei inasikika kama tei, rien inakuwa hien, so usishtuke ukisikia mnyororo na neno moja humo hulijui, rudisha r kichwani alafu sikiliza tena.